Sauti ya Kiwandani

Gari lilikuja na sauti yake ya kiwandani,
sauti ya kifaranga aliyekanyagwa kidole:
pii, pii, halafu kimya, kana kwamba limejutia.
Usiku walipong'oa kioo cha kushoto
lililia hivyo hivyo, kwa adabu,
nami nikadhani ni simu ya jirani.
Asubuhi nikakuta waya zinaning'inia.

Semkiwa, fundi umeme wa pale Mabawa,
alifungua boneti akacheka kabla hajagusa kitu.
"Hii siyo kengele, huu ni ushauri.
Na mwizi hashauriki."
Akatoa kwenye boksi la viatu king'ora cheusi,
mdomo mpana kama wa mtu aliyezoea kudai,
akaniapia kimetoka kwenye gari la zimamoto
lililofia bandarini.
Sikuuliza lilikufa kwa moto au kwa maji.

Relei moja, fyuzi ya ampea kumi na tano,
waya nyekundu moja kwa moja hadi kwenye betri,
nyeusi kwenye bodi,
na ile nyembamba, ya rangi ya chungwa,
ikaungwa na kifaranga cha zamani
ili mdogo amwamshe mkubwa.
Elfu sitini na tano, na soda ya fundi.
Tulipokijaribu, mbuzi watatu walishika njia tatu,
na muuza kahawa akaimimina juu ya kashata.

Wiki ya kwanza nililala kama tajiri.
Wiki ya pili, saa nane za usiku,
paka wa Zulekha alipanda boneti.
Barabara ya Kumi na Sita nzima ikaamka.
(Muadhini alikuja kesho yake kuniuliza, kwa upole,
kama tunagombea kazi.)
Nikabonyeza rimoti. Rimoti ilikuwa na betri za mwaka juzi.
Nikabonyeza tena, msuli umekaa upande,
huku madirisha yakitaja jina langu
pamoja na la mama yangu.

Ndipo nikamwona Bi Mwanatumu.
Kasimama barazani kwake, kilemba kimefungwa sawasawa,
kanga ya kazi kiunoni,
bakuli lenye mfuniko kwapani.
Miaka ishirini na sita alisokota kamba za mkonge,
na kiwanda kilinyamaza zamani,
mashine zikauzwa kwa kilo.
"Leo wamewahi," akaniambia. "Au ni mimi nimechelewa?
Zamu ya kina Mishi imeshatoka?"
Mjukuu wake akamshika mkono, hakwenda.
Alikisikiliza hadi kilipojichokea chenyewe,
kichwa kimelala upande,
kama anayesikia mtu akimwita
kwa jina la utotoni.

Kulipokucha jirani walinipa siku tatu.
Mjumbe akataja faini.
Yeye akaniletea maandazi mawili kwenye sahani ya bati.
"Kesho," akauliza, "kitalia saa ngapi?"

Nikarudi kwa Semkiwa. Nikamwambia apunguze.
"Sauti hii haipunguzwi. Inazimwa au inaachwa."
Akanichomekea swichi chini ya usukani,
ndogo kama punje ya hindi.
Usiku naizima. Gari linalindwa na kifaranga chake,
na kioo cha kulia, najua, kina siku zake.

Lakini Jumatatu, saa moja kamili ya asubuhi,
watu wote wakiwa macho na mswaki mdomoni,
nawasha swichi, nafunga milango,
nalipiga teke tairi la mbele.
Sekunde nne. Jirani wamezihesabu, wameridhia,
isipokuwa Zulekha, ambaye haridhii chochote.
Ng'ambo ya barabara mlango unafunguka.
Anatoka, kilemba, bakuli, ndala,
anatazama kulia, anatazama kushoto,
hamwoni Mishi.
Anaketi barazani
na kuanza kulisokota pindo la kanga.