Kiganja Juu ya Gogo

Jumamosi, Muheza, nyuma ya soko la machungwa,
tumelaza gogo la mvule juu ya matairi mawili:
mvule mkavu, miaka kumi chini ya bati,
mti usiomwonea haya mtu wala chuma.

Misumeno mitatu, saa ya simu mkononi mwa Mhando.

Wa kwanza ni wa zamani, tunamwita Bi Mkubwa.
Rangi yake ya chungwa imebaki kwenye mikunjo tu,
mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Kamba tunavuta mara saba, mara nane,
tunaitukana plagi,
ndipo anakohoa, anatema moshi wa buluu, anakubali.
Sekunde arobaini na moja.
Unga wake mnene kama chicha,
na mkono wangu umekufa ganzi hadi kwenye kiwiko.

Wa pili umetoka Tanga, duka la barabara ya kumi na mbili,
mwekundu, na karatasi ya maelekezo tusiyoweza kuisoma.
Muuzaji aliapa kwa watoto wake.
Mvuto mmoja, umewaka!
Thelathini na nne! Mhando anapiga ukelele.
Mkato wa tatu, mnyororo umelegea kama mkanda wa mlevi.
Wa tano, oili imegoma,
upanga unanukia pilau lililoungua.
Kipya kinyemi. Wa sita hatukuujaribu.

Wa tatu si wetu, tumeuazima kwa Kilua
anayepunguza matawi kwenye nyaya za umeme.
Wa betri. Hauna kamba, hauna petroli,
mwepesi, unaubeba kama mtoto aliyelala.
Hamsini na tatu.
Baada ya mikato kumi na mmoja ukazima, bila kuaga.

Baba alikuwa pembeni, juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Miaka ishirini na sita ya Bi Mkubwa
imemwachia masikio ya pambo.
Saa hakuitazama.
Kila zamu aliweka kiganja kwenye gogo, upande wa mbali,
akafumba macho.

Kwa Bi Mkubwa: "Meno ya kushoto mafupi. Nani kapiga tupa?"
Mimi. Usiku, kwa tochi.

Kwa ule mwekundu: "Huyu ana haraka ya kurudi kwao."

Kwa ule wa betri alingoja.
Akafumbua jicho moja.
"Mmeshawasha?"

Mhando alicheka hadi akainama.
Mimi nilikuwa karibu na mkato,
nasikia nisichowahi kukisikia kazini:
nyuzi za mvule zikiachana,
kunguru juu ya bati la mashine ya unga,
baba akipumua.

Jumatatu tuna mfenesi ulioegemea paa la zahanati,
unene wa kukumbatiwa na watu wawili.
Atakwenda Bi Mkubwa, hakuna ujanja.
Nimeketi na tupa, meno ya kushoto,
mivuto mitatu mitatu, kwenda mbele tu.
Pamba nimenunua duka la dawa,
ya masikio yangu mawili na mawili ya Mhando.

Baba kaiona kwenye benchi.
Kamega kidogo,
kaisokota taratibu,
kajiziba naye.