Milango ya Chumvi

"Nani amechemsha maji ya bomba?"
Aminieli aliuliza hivyo alfajiri, kule Kiboriloni,
siku mbili baada ya kipaimara cha bintiye,
mikono ameirusha hewani, viwiko vinadondosha matone.
Mama Ndeonasia akatumbukiza kidole kwenye karai.
Baridi ile ile ya Julai,
ile inayoshuka kutoka msituni na kuuma meno.
"Mwanangu, haya ni barafu."
"Yananiunguza, mama."

Wakamleta mjini, hospitali ninakopima damu.
Daktari kijana akauliza mbege: vikombe vingapi?
Akauliza malaria. Nikatazama. Hakuna.
Akauliza dawa ya kunyunyizia kahawa.
Midomo inamchonyota kama aliyetafuna gimbi bichi,
meno anahisi yamelegea,
mapigo ya moyo yanasuasua, arobaini kwa dakika,
na shemeji zake wawili wako wodi ya pili, wanahara.
Ndipo nikauliza mimi, ambaye huwa siulizi:
mlikula nini?

Chewa.
Kilo kumi na moja, kutoka Tanga,
alisafiri usiku ndani ya kasha la barafu,
macho maangavu, matamvua mekundu.
Hakunuka. Walimkaanga, wakamtia tui na ndimu.
Kichwa alipewa paka wa jirani,
naye tangu Jumapili anaburuta miguu ya nyuma.

Upo mwani ambao si ule unaoanikwa.
Huu ni chembe moja tu, bapa kama kifungo cha shati,
imevaa vigae vya deraya, ina mijeledi miwili:
mmoja umeizunguka kiunoni kama mkanda,
mwingine wa kujisukumia.
Inakula jua. Haina ugomvi na mtu.
Matumbawe yakifa kwa joto la bahari
magugu huota juu ya mifupa,
na chembe hizi hujishikiza kwenye magugu kwa ute,
elfu, kisha elfu elfu,
na maji juu yake yasibadilike rangi.
Pono huja kuguguna.
Pono wengi huishia ndani ya chewa mmoja.
Kila anayeliwa humwachia mlaji deni lake,
deni linalokaa kwenye nyama, halidai, halisahau,
mpaka juu kabisa ya ngazi
anapoketi Aminieli, na sahani ya pili.

Sumu hii haiogopi kikaango.
Ikifika kwenye neva inatafuta vilango vya chumvi,
vile vinavyofunguka na kujifunga kufumba na kufumbua
ndipo tukajua: hiki moto, hiki baridi,
huu ni mkono wa mke wangu.
Inaweka mguu mlangoni.
Basi.
Chumvi inaingia, inaingia,
na ubongo unapokea barua zisizo na anwani.

Miezi mitatu sasa. Nyumba yote imekuwa vuguvugu.
Soda wanaianika juani. Mtori wanausubiri upoe.
Mama Ndeonasia hujaribu maji kwa kiwiko
kama amwogeshaye mtoto mchanga,
na huyu ana miaka arobaini na minne.
Juzi mvua ya vuli ilimkuta njiani,
akakimbia akipiga kelele kama aliyemwagiwa uji,
watoto wa shule wakacheka, kisha wakaacha.

Kipande cha yule chewa ninacho, kwenye friza la maabara.
Jioni moja nilikikata wembamba wa ganda la kitunguu
nikakiweka chini ya hadubini.
Nyuzi za nyama. Hakuna kingine.
Nilijua, ila nilitaka kuiona sura yake.
Chembe yenyewe haikuwahi kuja Moshi.
Iko kwenye tumbawe lake, mchana huu huu,
inakula jua,
labda inajigawa mbili.