Kata ya Kifuu

Barabara ya Kumi na Saba, Ngamiani,
nyuma ya jiko, pale kuku walipokataa kudumu,
nina tanki la perege arobaini na mmoja,
na juu yake beseni la kokoto
lenye mchicha usioujua udongo.

Shemeji Semhando alipoliona alicheka:
"Mboga inakula mavi ya samaki, nawe uile mboga!"
Nikamjibu, na shamba la babako Muheza
linakula nini, sukari?

Juzi, saa nane usiku, umeme ulikatika.
Sikuamshwa na giza. Niliamshwa na kimya:
pampu imenyamaza,
samaki wamepanda juu, midomo wazi,
kama watoto wa chuoni waliosahau aya.

Nikashika kata ya kifuu.
Nikachota, nikainua, nikamimina,
kama mtu apozaye chai ya mtoto,
mpaka bega likafa ganzi.

Semhando akatoka na kopo.
Hakusema neno. Akachota.

Adhana ikatukuta hapo, tumelowa.

Kulipokucha nilihesabu: arobaini.
Yule mmoja Semhando kamkaanga,
kisha akauliza, bila kunitazama,
mchicha huu
huchumwa kuanzia wapi.