Msiiname

Saa mbili na nusu usiku. Umeme wa Himbi umeshaondoka.
Nina chaji asilimia arobaini na moja
na mega za kutosha kumtisha mtu mmoja vizuri,
nao wako wanne.
Kavira, wa Katindo, anakula: nasikia kijiko.
Byamungu kajifungia ndani ya gari la shemeji yake.
Nsimire yuko Bukavu; sauti yake inavuka ziwa
inafika imelowa.
Zihalirwa hajasema neno tangu aseme haloo.

Mnauliza sheria. Ni chache.
Mimi ni nyumba. Mimi ni mvua, ni mlango,
ni kila mtu atakayewadanganya usiku huu.
Ninyi ni ninyi, kwa majina mengine na viatu vibaya.
Nasema mnachokiona, mnasema mnachokifanya,
tukibishana, dadu iamue.
Hamna dadu?
Kateni karatasi, andikeni moja hadi kumi,
tieni kikombeni. Cha chai kinafaa.
Kikausheni kwanza.

"Tunashinda vipi?" Byamungu.
Hamshindi. Mnajua.
Na kujua kuna bei: kila mmoja nimempa
nukta sitini za akili timamu,
na kila mtakachokiona kitamega.

Kijiko cha Kavira kimenyamaza.

Basi. Nyumba ya mawe meusi, yale ya volkano,
ngazi kumi na mbili kushuka chini ya ardhi.
Mlinzi amelala kwenye mkeka. Hana jeraha.
Mbuzi kandoni mwake. Hana jeraha.
Juu ya kabati, kuku, hai,
anawatazama kama mwenye nyumba.
"Nashusha mshumaa nimwone mlinzi uso," anasema Nsimire.
Chota karatasi.
"Tatu. Ni nzuri au mbaya?"
Mshumaa umezimika.
Na hapo hapo sauti yake ikakatika.
Mtandao tu, nikasema,
na hakuna aliyeniamini, hata mimi.

Akarudi. Wakawasha, wakashusha, ukazimika.
Wakamhoji jirani (mimi),
wakamhoji mjane (mimi, kwa sauti nyembamba),
wakapoteza nukta kumi na tisa juu ya mlango uliofungwa na upepo.
Byamungu akachoka: "Nakupa mji,"
kama utotoni, kitendawili kilipotushinda.
Mji gani?
"Goma."

Tulicheka. Kisha kicheko kikatafuta pa kukaa
kikakosa.
"Goma umetolewa mara nyingi mno," Kavira akasema polepole.
"Toa mwingine."

Sikuwaambia kwamba ninazo kurasa kumi na moja
za kiumbe cha ziwani, mikono mingi, macho nimeyahesabu,
nimekichora kwa kalamu nyekundu wiki nzima.
Ningekifungulia mlango dakika ile.

"Msiiname."

Sauti mpya. Ya kitoto.
Ni Asifiwe, akasema Zihalirwa, mdogo wangu,
ndiye aliyeshika simu, mimi naosha vyombo.
Tangu lini?
Tangu haloo.

"Kuku yuko juu, kuku mzima.
Mbuzi mfupi, amekufa. Mlinzi alilala chini, amekufa.
Mshumaa ukiwa juu unawaka.
Si jini. Ni mazuku.
Njia ya kisimani kwetu kuna shimo,
asubuhi kabla ya upepo hatupiti,
na mdogo wetu tunambeba mabegani."

Akatulia, kama mtu anayetafakari kama amekosa adabu.
"Nichote karatasi?"

Hapana, Asifiwe. Hapa huchoti.

Mbuzi nilimwandika mwenyewe, na kuku, na mshumaa,
nikidhani naandika habari za yule wa mikono mingi.
Nyumba ilikuwa inajua kuliko mimi.
Kurasa zangu kumi na moja nikazikunja nne,
nikazitia chini ya mguu wa meza inayoyumba.

"Kesho saa ngapi?" aliuliza Nsimire.
Saa ile ile. Njooni na vikombe.
Chaji asilimia tatu, kisha giza.

Godoro langu liko sakafuni.
Nililala nimekaa.