Hesabu ya Leso Mia na Ishirini

Bi Ornella hakunilipa baki yangu.
Laki moja na nusu, tangu mfungo mosi.
Kila nikipita Shangani ananiambia kesho,
na kesho yake ina tabasamu na harufu ya kahawa.
Mwisho akasema: fundi, njoo na mkeo Ijumaa,
huku juu darini,
mlile deni lenu mpaka liishe.

Mwanamize akatoa buibui la harusi ya mdogo wake,
akajifukiza udi kama anakwenda kuposea.
Mie koti juu ya kanzu,
na chini ya ukosi sindano yangu, kama ada,
imezungushwa uzi mweupe mara saba.

Ngazi sabini. Magoti yake yalizihesabu.

Huko juu mishumaa, glasi tatu tatu
kwa mtu mmoja asiye na kiu,
na meza zimevaa kitani changu.
Nilizitambua leso kabla sijatambua watu.

Mbarouk, kijana wa Donge, ndiye aliyetuhudumia.
Alijifanya hanijui, mie niliyempunguzia suruali za skuli.
Kisha akainama:
"Mzee, huo mchuzi wa kahawia una mvinyo.
Chukueni wa kamba."

Mwanamize aliishika menyu mbali na macho,
akasoma bei tu.
"Baba Nassra, hawa wanauza chakula
au viwanja vya Fuoni?"

Ikaja sahani pana kama ungo,
na katikati tambi kidogo, zimejikunja kama paka.
Akaonja. Akatafuna. Akanitazama.
"Tambi za chumvi," akasema,
pole pole, kama anayeleta habari ya msiba.
Hazina sukari, hazina zabibu,
iliki haikupita hata mtaa wa pili.
Nikacheka mpaka Mzungu wa meza ya jirani
akacheka naye, bila ya kujua kisa.

Lakini kamba walikuwa watamu, tuseme haki.
Na yale mafuta ya zeituni
aliyafuta kwa mkate mpaka sahani ikang'ara.

Nikakunjua leso nijifute mdomo.
Upindo umefumka. Kwenye kona, vidole vinne.
Si bakhia yangu, nikajitetea moyoni,
ni sabuni yao kali.
Lakini jicho likishaona, mkono utakaaje?
Nikachomoa sindano.
Uma za watu zikasita hewani.
Mwanamize hakuniambia acha.
Alinisogezea mshumaa.

Mbarouk akaleta kijitabu cheusi, macho sakafuni.
Laki moja na themanini na sita elfu.
Yaani deni langu tumelila lote,
na juu yake elfu thelathini na sita
nadaiwa mimi.

Bi Ornella akaja, mkono begani kwangu:
"Hakuna matata, fundi. Utanishonea leso kumi na tano."
Kwa bei yetu ni kumi na nne na kipande.
Nikafungua kinywa.

Mwanamize akafungua pindo la kanga, ndani ya buibui,
fundo ambalo miaka ishirini na sita
sijathubutu kuliuliza,
akatoa noti za elfu mbili mbili, kumi na nane,
kila moja inanukia vitumbua.
Akazipanga juu ya kitani,
akazinyoosha kwa kiganja kama anayepiga pasi.
"Hatudaiwi," akasema.
Tukazishuka ngazi. Safari hii hakuzihesabu.

Mlandege, saa sita ya usiku, jiko linawaka.
Tambi zinakaangwa kwa samli,
sukari haikupimwa, iliki tatu, na ya nne kwa hasira.
Tukala kwa mkono, mumo humo sufuriani.

"Ule uzi," akaniuliza, "ulikuwa wako?"
"Wangu."
Akalamba kidole.
"Basi kesho kamdai."