Anza na Hewa

Anza na hewa, husema baba.
Kabla ya oili, kabla ya mkanda,
kabla spana haijagusa nati hata moja,
anza na hewa.
Ameketi mlangoni mwa gereji, blanketi magotini,
mrija wa plastiki puani,
mtungi wa oksijeni kando ya kiatu
kama mbwa mzee aliyekwisha fundishwa kutulia.

Nafungua kisanduku nyuma ya kiti cha kigari.
Kichujio kinatoka kizito, cheusi,
kimeshiba vumbi la vilima vya Mingo,
njia zilizochongwa kwa ajili ya malori ya makaa
na sasa zimejaa wageni wa Jumamosi
wenye helmeti za rangi ya pipi.
Nakigonga pajani. Mara moja tu.
Wingu linapanda, baba anageuza uso,
anakohoa,
nami nasimama, kichujio mkononi,
kama dereva kwenye kivuko cha reli
anayehesabu mabehewa.

Kipya ni dola thelathini na nane, dukani kwa Tackett.
Klipu mbili. Tak, tak.
Miaka thelathini na mmoja alichimba chini ya mlima huu,
na la kichujio chake mwenyewe
hatulizungumzi.

Haya, mkanda.
Kifuniko cha klachi kina bolti nane, ninazo saba.
"Ya nane?" Ameusikia mlio wake ikidunda sakafuni
kabla mimi sijajua kuwa imeniponyoka.
"Chini ya jokofu, Verlene. Kushoto."
Iko chini ya jokofu, kushoto.
Mkanda unanuka nywele zilizoungua.
Anaupima kwa ukucha wa gumba,
anaulaani kwa neno ambalo mama, Mungu amrehemu,
asingeliruhusu livuke kizingiti.

Oili ya difu. Grisi kwenye bushi, pampu, pampu,
mpaka ile ya zamani itoke kama uji wa kijivu.
Boljointi ya mbele inacheza. Naibadilisha.

Tackett anataka kuniuzia turbo.
Kaka yangu Coy anapiga simu kutoka Ohio:
weka taa mpaka juu ya paa, weka spika,
weka tairi za inchi thelathini na mbili, utapaa!
Nani kasema nataka kupaa?
Fedha za zamu zangu za usiku nimezitia kwenye springi,
ndefu, laini,
na shokapu nilizozilegeza kidogo kidogo,
nikifunga ndoo ya maji kwenye kiti cha abiria
na kuzunguka malisho ya jirani, duru baada ya duru,
mpaka ikafika jioni ambayo maji hayakumwagika.

Kisha mlango, maana yeye haruki tena.
Kisha mpini wa kushikia.
Kisha, kwa vyuma vya kitanda cha mama,
nikachomelea kishikio cha mtungi
na ndani nikakivika ule mkanda ulioungua,
nimeukata vipande, meno yakitazama ndani,
ili mtungi usiteleze, usigonge, usilie.
Baba alikitikisa kwa mikono miwili.
Hakusema kizuri. Alisema, "Hakichezi."

Jumapili tunapanda, mwendo wa ng'ombe.
Juu, pale mlima ulipokatwa kichwa,
kuna nyasi za kupandwa, upepo mwingi,
na kulungu watatu wasiojua kuwa hapa palikuwa na kilele.
Nazima injini ili atazame.
Hatazami. Njia nzima alikuwa ameinamisha sikio.
"Kulia, nyuma," anasema. "Beringi."
Mimi sikusikia kitu. Hata sasa nasikia vali tu:
tsi, kimya, tsi.
"Inaimba kidogo. Itatufikisha nyumbani."
Anavuta pumzi, anaingoja ifike.
"Kesho utaifungua.
Mimi nitakaa pale mlangoni."