Kabla ya Kibao

Shule yetu zamani ilikuwa kiwanda cha soksi.
Hata leo, ukiwasha taa kubwa karibu na ukuta,
vinyuzi huibuka hewani na kuelea,
theluji isiyojua pa kutua.

Asubuhi tunasoma fizikia kama watoto wote wa Košice.
Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema;
sisi twaambiwa, kila siku,
kuanzia saa nane hadi giza liingie.

Mwalimu Hudáková ana kalamu moja nyekundu, subira haba.
Mswada wangu wa kwanza: kurasa tisa.
Baba akasema, mama akajibu, baba akalia,
na alipolia tu, mvua ikanyesha.
Aliusoma amesimama, anatafuna tufaha,
akifuta, akifuta,
hata ukabaki mstari mmoja:
Mwanamume anamenya viazi.
"Bibiana, mvua hujaiajiri wewe.
Andika kinachoonekana. Huzuni haina umbo.
Kisu kina umbo."

Nilimchukia mpaka Alhamisi.

Baba hufanya zamu ya usiku kwenye tanuri la chuma.
Mama yuko Linz, wiki mbili huko, wiki mbili kwetu,
anamwogesha mama wa watu wengine.
Jikoni, ghorofa ya tano, tuliingia watatu:
Imre na taa, Radko na kipaza sauti
alichokifunga kwenye mpini wa ufagio,
mimi na kamera ya shule, namba sita,
ile yenye lenzi iliyochubuka pembeni.
Baba alikuwa amenyoa. Sikumwambia anyoe.
"Mpaka saa ngapi?" aliuliza. "Leo kuna hoki."

Tulipiga mara saba.
Mara saba alimenya kama mtu aliyeketi kwa daktari wa meno,
mgongo wima, kidevu juu,
maganda marefu, membamba, ya maonyesho.
Mbwa wa jirani aliharibu ya pili.
Ya tano, Imre alipiga chafya.
Viazi tulikula siku tatu.

Chumba cha kuhariria kiko chini kabisa,
palipokuwa ghala la pamba, hakina dirisha.
Niliketi humo na baba saba,
wote waongo.
Nikakata mwanzo, nikakata mwisho, nikakata katikati;
filamu ikawa fupi, uongo ukabaki na urefu wake.

Kisha nikarudi nyuma kuliko inavyopaswa,
hadi kabla ya kibao cha mara ya nne.
Kamera imeshawaka. Radko anatafuta chaki.
Baba anadhani bado tunajiandaa.
Anajifuta mikono kwenye suruali, anatoa simu,
anaishika mbali na macho, mbali, mbali zaidi,
anaandika kwa kidole kimoja.
Anasoma alichoandika. Midomo inacheza.
Anakitabasamia kitu kisichokuwemo chumbani,
kisha anaisukuma simu mfukoni
kama mvulana aliyeficha pipi.
Mkono wa Radko unaingia. Paa!
Mgongo wima.

Sekunde kumi na moja.

Mwalimu alizitazama mara tatu, tufaha halijaumwa.
"Usimuulize aliandika nini," akasema.
"Ukijua, utatuambia."

Baba sikumuuliza. Nilimpigia mama.
Alicheka huko Linz, nyuma yake kikongwe akiita,
akanisomea.
Sitawaambia. Nitasema tu
kwamba neno shati lilikuwemo.

Mwezi wa sita tulionyesha filamu zetu.
Baba alitoka zamu moja kwa moja, akaketi safu ya nyuma,
akasinzia katika mauaji mawili na busu la Radko.
Zilipofika sekunde zake alikuwa macho.
Hakusema kitu mpaka tukafika kituo cha tramu,
mpaka tramu ikaja, ikafungua milango.
"Viazi hamkuviweka," alisema.
"Viazi vyote vile."